Mtangamano wa Afrika Mashariki na Haki ya Mji wa Kale

Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1967 ilivunjika mwaka 1977. Utangulizi wa Mkataba wa 1999 unataja, miongoni mwa sababu, ushiriki hafifu wa sekta binafsi na asasi za kiraia. Hata hivyo, kifungu cha 137 kilikifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi. Kiswahili kiliahidiwa kukuzwa tu, kiwe lugha ya mawasiliano mapana.

Mji wa Kale, Mombasa, ulikwisha kuulipia umoja. Mkutano wa mwaka 1928 mjini humo ulikiteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kimvita, lahaja ya wenyeji, kikaachwa kando. Harakati za mtangamano mashinani, basi, hazina budi kudai kwanza kwamba mwananchi aelezwe na asikilizwe kwa Kiswahili.