Kinga ya Mwili na Adui Asiyejulikana

Askari mnaolinda mipaka: mwili wa binadamu nao una jeshi lake. Ngozi ndiyo mpaka. Virusi vikipenya, chembe nyeupe za damu huvishambulia bila kuuliza ni vya aina gani. Zikielemewa, chembe nyingine huchunguza umbile la adui huyo, kisha hutengeneza kingamwili za kumkabili yeye peke yake. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa, na kwa Ebola siku hizo zaweza kumwua mtu.

Chanjo huufundisha mwili kabla ya vita. Katika mlipuko wa mwaka 2018 hadi 2020 huko Kivu Kaskazini na Ituri, nchini Kongo, watu zaidi ya 300,000 walichanjwa. Lakini Septemba 2022 Ebola ilipozuka Uganda, ilikuwa ya aina ya Sudan. Chanjo ya Kongo, iliyotengenezwa dhidi ya aina ya Zaire, haikufaa. Uganda ilitegemea kuwatenga wagonjwa, kuwafuatilia waliowagusa, na kuzuia safari katika wilaya za Mubende na Kassanda. Januari 2023 mlipuko ukatangazwa kwisha.

Somo kwa askari wa mpakani li wazi. Kinga ya chanjo ya Ebola huhitaji siku kama kumi kujengeka, na kila chanjo ina adui wake. Aliyechanjwa asiache kunawa mikono, wala asimguse mgonjwa ovyo. Lindo haliachwi kwa kuwa adui wa jana alishindwa.