Homa Inayoondoka na Kurudi: Mtoto Anapopimwa na Kukutwa Hana Malaria

Mzazi wa Masuguru ambaye mtoto wake amechemka usiku kucha hana shaka juu ya la kufanya kunapopambazuka: humpeleka zahanati akapimwe malaria. Kipimo cha haraka hutoa jibu katika muda wa takriban dakika 20. Taabu huanza pale jibu linapokuwa kwamba hana malaria. Mtoto hurudishwa nyumbani na dawa ya kutuliza homa, siku ya tatu au ya nne anapata nafuu na kucheza na wenzake, na wiki moja baadaye homa inarudi kwa nguvu ileile. Anapimwa tena, na jibu halibadiliki. Hapo ndipo wazazi wengine hununua dawa mseto dukani bila cheti, wengine humlaumu mpimaji, na wengine huanza kutafuta mchawi.

Mazoea ya kuita kila homa malaria ni ya siku nyingi, na hata hospitali hazikusalimika nayo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004, uliofanyika katika hospitali za kaskazini mashariki mwa Tanzania, uliwafuatilia wagonjwa 4,474 waliolazwa na kutibiwa malaria kali. Damu yao ilipochunguzwa upya kwa darubini, ni 2,062 tu waliokutwa na vimelea vya malaria, yaani chini ya nusu. Mwaka 2014 utafiti mwingine, uliohusu watoto 1,005 wenye homa katika Dar es Salaam na Ifakara, ulionesha kwamba takriban mmoja kati ya kumi ndiye aliyekuwa na malaria. Wengi wa waliobaki walikuwa na maambukizi ya virusi, hasa ya njia ya hewa, ambayo hupona yenyewe.

Homa ya virusi, hata hivyo, kwa kawaida ikishaondoka haina desturi ya kurudi kwa zamu. Homa yenye tabia hiyo inapaswa kumkumbusha mzazi, na tabibu pia, ugonjwa ambao wazee wanaujua kwa jina na vijana wengi wameusahau: homa ya papasi.

Papasi ni jamii ya kupe, lakini hakai kwenye majani wala hang'ang'anii mwilini kama kupe wa ng'ombe. Makazi yake ni nyufa za kuta za udongo na vumbi la sakafu isiyosakafiwa. Hutoka usiku, hunyonya damu ya aliyelala kwa muda mfupi, kisha hurejea ufani kabla hajaonekana. Anaweza kukaa miaka bila kula, na huwarithisha watoto wake vijidudu kupitia mayai. Jambo hilo la mayai lilioneshwa na daktari Mjerumani Robert Koch mwaka 1905 katika nchi hii, alipowachunguza papasi waliokuwa wakiishi kwenye vibanda vya kupumzikia kando ya njia za misafara. Mwaka huohuo daktari Mwingereza Joseph Dutton, aliyekuwa akiuchunguza ugonjwa huo Kongo, alifariki dunia huko Kasongo baada ya kuugua homa hiyohiyo. Kijidudu chake leo kinaitwa kwa jina lake. Katika miaka ya karibuni, Mvumi mkoani Dodoma ndiko ugonjwa huu ulikofuatiliwa sana nchini, na watoto wadogo na wajawazito ndio walioonekana kuumia zaidi. Kwa mjamzito unaweza kuharibu mimba.

Sasa, kwa nini kipimo cha haraka hakiuoni? Kwa sababu hakikutengenezwa kwa kazi hiyo. Hutafuta protini ya kimelea cha malaria na si kingine. Zamani, kila mwenye homa alipochukuliwa damu na kuwekwa kwenye kioo, mtaalamu wa maabara aliyekuwa akitafuta malaria aliweza kukutana na vijidudu vya papasi, vyembamba na vilivyojisokota kama uzi. Kipimo cha haraka kimeokoa maisha mengi, lakini hakioni kitu asichotumwa kukitafuta. Hata jibu la kuwa ana malaria halifungi mjadala: protini hiyo huweza kubaki katika damu wiki kadhaa baada ya mtoto kupona, na mtoto mmoja aweza kuwa na magonjwa mawili kwa wakati mmoja.

Vijidudu hivi ni wa ukoo mmoja na vile vya ugonjwa wa Lyme, ambao huenezwa na kupe huko Marekani na Ulaya, na ambao nao huwahangaisha wazazi wa huko kwa muda mrefu kabla ya kupata uhakika. Sisi tuna nafuu moja. Vya Lyme ni nadra kuonekana katika damu kwa darubini, ilhali vya papasi huonekana kwa darubini ya kawaida, mradi damu ichukuliwe wakati homa imepanda. Mtoto akipoa hujificha, na jibu huwa si la kuaminika. Mzazi anayesubiri homa itulie ndipo asafiri na mtoto, kwa kumhurumia, bila kujua huwa anaiharibu nafasi hiyo.

Kwa hiyo mzazi aandike nyuma ya kadi ya kliniki tarehe homa ilipoanza, ilipoisha na iliporudi. Amweleze tabibu mahali mtoto anapolala, na kama kuna nyumba nyingine alikolala wiki mbili zilizopita. Aombe kipimo cha darubini. Si kila zahanati ina darubini, na pasipo nayo ni haki yake kuomba rufaa. Mtoto mwenye degedege, anayetapika kila kitu, asiyeweza kunyonya au aliyelegea asisubiri chochote. Apelekwe mara moja.

Dawa za malaria haziponyi homa ya papasi. Huponywa kwa antibiotiki, na baadhi yake hazifai kwa watoto wadogo na wajawazito, hivyo zisinunuliwe kwa kubahatisha. Zaidi ya hayo, saa chache baada ya dozi ya kwanza mgonjwa aweza kutetemeka sana, joto likapanda na shinikizo la damu likashuka. Mzazi asiyejua hudhani dawa imemdhuru mtoto na kuiacha. Ndiyo maana dozi hiyo hutolewa kituoni, mgonjwa akiangaliwa.

Nyumbani, nyufa zikandikwe na sakafu isakafiwe kwa anayeweza. Mtoto alazwe kitandani, si kwenye mkeka chini, na chandarua kichomekwe pande zote chini ya godoro, kitanda kikiwa kimesogezwa mbali na ukuta.