Miraa Haikuwa na Wakili London

Kama umekulia Maua, Laare au Siakago, pengine karo yako ililipwa na majani. Miraa huku Meru, muguka kule Mbeere, Embu. Sasa jiulize: mkubwa akifunga mlango, nani hubisha kwa niaba ya hayo majani?

Twende polepole. Januari 2013, wataalamu wanaoishauri serikali ya Uingereza kuhusu dawa za kulevya walisema hakukuwa na ushahidi wa kutosha wa kupiga miraa marufuku. Waziri wa Mambo ya Ndani wakati huo, Theresa May, akaipiga marufuku tu. Juni 2014 soko likafungwa, na mkulima wa Igembe akabaki akiangalia miti yake.

Sasa geuza hiyo stori. London hiyo hiyo ndiyo makao makuu ya British American Tobacco. Kampuni yake ya hapa, BAT Kenya, iko kwenye Soko la Hisa la Nairobi. Serikali yetu ilipotoa kanuni za kudhibiti tumbaku za 2014, kampuni ilienda kortini. Ikashindwa Mahakama Kuu 2016. Ikakata rufaa, ikashindwa 2017. Ikapanda hadi Mahakama ya Juu, ikashindwa Novemba 2019. Kwenda korti ni haki yake, hilo halina ubishi. Lakini wewe piga hesabu: zaidi ya miaka minne ya mawakili. Mkulima wa miraa angetoa wapi hizo pesa, tena huko Uingereza?

Na unajua kimojawapo cha vipengele vya kanuni hizo? Maafisa wa serikali wakutane na kampuni za tumbaku pale tu inapolazimu kwa kazi ya kuzidhibiti. Yaani sheria yenyewe inakubali kwamba chai ya ofisini inaweza kubadilisha sera.

Usidhani ni pesa tu hufungua mlango. Mei 2024, Gavana Abdulswamad Nassir alipiga muguka marufuku Mombasa, Kilifi ikafuata. Ndani ya siku chache viongozi wa Embu, wakiongozwa na Gavana Cecily Mbarire, walikuwa wamekaa na Rais Ruto. Rais akasema marufuku hiyo haina nguvu kisheria. Hapo hakukuwa na kampuni kubwa, kulikuwa na kura. Mbeere walishangilia, na walikuwa na sababu. Lakini mama wa Likoni anayelia kuhusu kijana wake hakuwa kwenye hicho kikao.

Ndiyo maana swali la maana si nani mzuri au mbaya. Uliza: nani alikutana na nani, na walikubaliana nini? Uliza hata kama uamuzi umekufaidi, kwa sababu kesho mwenye kiti anaweza kuwa mwingine.

Na una haki ya kuuliza. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa afisa siku 21 kukujibu. Andika ombi lako kwa maandishi, Kiswahili au Kiingereza, peleka kaunti, baki na nakala iliyopigwa muhuri. Wenye kampuni huandika barua kila siku. Wewe umewahi kuandika ngapi?