NILIFUTA TARUMBETA LA MZEE WA WATU

Ungamo la mpenzi wa muziki aliyependa sana, akalipa kiduchu

MSOMAJI wangu, leo sina habari za mastaa. Sijui nani kaachana na nani, wala nani kanunua gari gani. Leo naungama dhambi yangu mwenyewe. Nimekaa nayo miaka kibao, na inahusu kaseti moja ya dakika 90.

Nyie mnaobofya simu na wimbo ukaja, ngoja niwaeleze kidogo. Zamani wimbo ulikuwa unauvizia. Unakaa mbele ya redio, vidole viwili juu ya vitufe, kimoja cha kurekodi na kimoja cha kupiga, unamsubiri mtangazaji amalize kusema. Mara nyingi hamalizi. Kwa hiyo wimbo wako unaanza na sauti ya mtu anayesoma salamu za wapenzi wasikilizaji wa Kilosa. Mkanda ukilegea unauzungusha kwa kalamu ya Bic. Na ukitaka kaseti isifutwe, unavunja vile vijino viwili vya juu. Ukibadili mawazo unaziba matundu kwa kipande cha karatasi, unarekodi tena juu yake.

Hapo kwenye kipande cha karatasi ndipo dhambi yangu ilipoanzia.

DINGI NA MSONDO WAKE

Dingi alikuwa mtu wa Msondo. Bendi ile ilizaliwa mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz, mali ya chama cha wafanyakazi. Chama kikabadili jina, bendi nayo ikawa JUWATA, halafu OTTU, halafu Msondo Ngoma. Yeye aliendelea kusema "NUTA" tu, kama vile hizo habari nyingine hazikumfikia.

Jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa mtu wa Sikinde, yaani Mlimani Park. Muhidin Gurumo alipoondoka Msondo mwaka 1978 kwenda kuianza Mlimani Park, dingi alinuna kama kaibiwa mke. Gurumo akaenda tena OSS kwenye Ndekule, kisha akarudi zake Msondo. Siku aliyorudi, dingi alimtumia jirani soda kreti moja. Jirani alizinywa, lakini salamu alikata kwa wiki nzima. Ilikuwa Simba na Yanga ya magitaa.

Mimi nilikuwa naona hawa wazee wamechanganyikiwa. Wimbo mmoja dakika nane! Mtu anaimba jinsi mkewe alivyomwacha, anafika katikati anatulia, magitaa yanaongea peke yake, ndipo watu wanainuka kucheza. Kumbe ndio utamu wenyewe. Sehemu ya kwanza unasikiliza kisa, sehemu ya pili unakimaliza kwa miguu. Nilikuja kulielewa hilo nikiwa na watoto wawili.

RAP IKAINGIA KICHWANI

Mwaka 1991 Saleh Jabir alishinda shindano la Yo Rap Bonanza, akachukua mapigo ya Vanilla Ice na kuyapachika Kiswahili. Vijiweni ilikuwa soo. Kabla yake tulikuwa tunafokafoka Kiingereza tusichokijua, mtu anabadilisha sauti tu ili aonekane mtu wa New York, wakati chai hajanywa. Baada yake wakaja Kwanza Unit, na kina Mr. II ambaye baadaye mlimjua kama Sugu.

Mwaka 1994 Radio One ikaanza kurusha matangazo, na hapo nikapagawa kabisa. Rap ilikuwa inatoka redioni, nyumbani kwetu, kwenye redio kaseti ileile ya dingi! Siku moja jioni ikapigwa ngoma ya Warren G niliyoitafuta kwa mwezi mzima. Kaseti tupu sina. Nikafungua droo ya dingi, nikachomoa ya kwanza, nikaziba matundu, nikabonyeza.

Dingi aligundua Jumapili yake. Aliweka kaseti, akaegemea kiti, akasubiri tarumbeta. Akatoka Mmarekani. Hakunipiga. Angenipiga ningeshasahau. Aliichomoa taratibu, akaitazama, akasema, "Haya, iweke huko kwenye zako." Basi.

Ulikuwa wimbo wa bendi moja ya shirika la umma, aliourekodi kutoka Radio Tanzania nikiwa bado mdogo. Nilikuwa nimefuta mwanzo wote. Nusu ya pili ilibaki, kwa sababu Warren G aliishia hapo.

KILA MTU NA WAKE

Isije ikaonekana nyumba yetu ilikuwa na kambi mbili tu. Bimkubwa alikuwa na taarab yake. Hiyo ni miaka ambayo TOT na Muungano walikuwa wanarushiana vijembe, Khadija Kopa huku, Nasma Khamis kule. Mama alikuwa mpole wa kupindukia, lakini mpasho ukianza anatazama dirisha la jirani fulani, anaongeza sauti. Hasemi neno. Wimbo unamsemea. Leo nikimsikia Zuchu, namkumbuka bimkubwa, maana Zuchu ni binti wa Khadija Kopa. Vitu vingine vinarithiwa kwenye koo, bwana.

Kaka yangu mkubwa naye alikuwa wa Remmy Ongala na Super Matimila. Remmy alitoka Kongo akaingia Dar mwaka 1978, akaimba umaskini na kifo kwa Kiswahili ambacho hata mwuza maji alikielewa. Albamu yake ya "Songs for the Poor Man" ilitolewa Uingereza mwaka 1989 na kampuni ya Real World. Alipoimba "Mambo kwa Soksi" kuhusu kondomu, Radio Tanzania haikuupiga. Sisi tuliujua wote. Tuliupataje? Kwa kaseti za kurudufu. Alifariki Desemba 2010, na mpaka leo Sinza kuna mahali panaitwa kwa Remmy.

Unaona sasa kaseti hizo zilivyo? Zilipitisha hata kile ambacho redio ilikikataa. Lakini pia zilikuwa wizi. Yote mawili ni kweli, na hapo ndipo mimi huwa nakwama.

MZEE AKABISHA HODI

Mwaka 1999 alikuja mzee mmoja pale nyumbani. Mrefu, kanzu safi, viatu vimechoka. Aliambiwa na watu wa mtaani kuwa dingi ana nyimbo za zamani. Akataja bendi, akataja wimbo.

"Mle ndani kuna tarumbeta linaanza peke yake," akasema. "Ni mimi yule. Nina mjukuu, haamini kama babu yake alikuwa mwanamuziki. Mimi sina nakala."

Dingi akanitazama. Mimi nikatazama sakafu.

Hebu jiulize, mtu kapiga tarumbeta, nchi nzima imecheza, na yeye hana nakala! Lakini ndivyo mambo yalivyokuwa. Wanamuziki wa bendi za mashirika walikuwa waajiriwa, wanalipwa mshahara mwisho wa mwezi. Vyombo ni vya mwajiri. Nyimbo zinarekodiwa Radio Tanzania, na mikanda inabaki hukohuko. Ukiacha kazi unaondoka na mdomo wako tu. Kiwanda cha kutengeneza sahani za santuri hapa hatukuwa nacho, bendi zilizotaka sahani zilivuka kwenda Nairobi. Waliokuwa na nakala ni sisi, wezi wa redioni.

Nikaileta ile kaseti. Nikaiweka. Nikaipeleka mbele haraka mpaka Mmarekani akaisha. Ikaingia ile sehemu ya magitaa, watu wanacheza. Mzee akawa anasikiliza huku vidole vitatu vya mkono wa kulia vinabonyeza goti. Wimbo ukaisha.

"Na mwanzo?" akauliza.

"Mwanzo ulifutika, babu," nikajibu. Sikusema nani aliufuta. Dingi naye hakusema.

Nikamrudufia hiyo nusu. Akashukuru, akaondoka na mjukuu akamwonyeshe magitaa ya watu wengine.

DINGI ANASALIMU AMRI

Mwaka 2001 Profesa Jay akatoa "Machozi, Jasho na Damu", na ndani yake kuna "Ndiyo Mzee", ule wimbo wa mgombea anayeahidi mbingu na nchi. Nikampigia dingi. Alikuwa anasoma gazeti. Akalishusha. Wimbo ulipoisha akasema, "Huyu ana kisa. Rudia." Ndiyo sifa pekee aliyowahi kuipa rap. Jay mwenyewe akaja kuwa mbunge wa Mikumi mwaka 2015, na Sugu alishatangulia bungeni tangu 2010 kwa Mbeya Mjini. Waliokuwa wanaitwa wahuni ndio wakawa waheshimiwa.

Siku hiyo nikaona kumbe dingi hakuchukia rap yangu. Alichukia mtu kufuta kisa cha mwenzake ili aweke chake.

ELFU KUMI

Mwaka 2003 nikapata kazi ya maana. Mshahara wa kwanza nikamtafuta yule mzee. Nikamkuta kibarazani kwake, nikamwambia ukweli wote, matundu, kipande cha karatasi, kila kitu. Nikampa shilingi 10,000. Nikasema, "Babu, hii ni ya wimbo."

Akazihesabu. Akachukua 1,000, akanirudishia 9,000.

"Tulikuwa kumi jukwaani," akasema. "Yangu ni hii. Wengine wangu watatu wako hai, nitakuelekeza kwao. Sita wameshatangulia, watafute wajane."

Nikadhani anatania. Hakuwa anatania. Nilizunguka Jumamosi tatu, Temeke, Buguruni mpaka Mbagala. Nauli ilikula zaidi ya hizo hela. Mjane mmoja alipokea elfu yake, akauliza marehemu alikuwa anapiga nini kwenye huo wimbo. Nikamwambia gitaa la rithimu, kwa sababu ndivyo babu alivyoniambia. Akaingia ndani, akatoka na kikombe cha chai.

Wawili sikuwapata. Zile elfu mbili nilimrudishia babu, naye akasema nizitunze mimi mpaka nitakapowapata. Ninazo mpaka leo kwenye bahasha, na noti zenyewe zimeshapitwa na wakati.

SASA WEWE NA SIMU YAKO

Sheria ya hakimiliki ilipitishwa mwaka 1999, COSOTA ikaanzishwa. Kwa wengi ilichelewa. Mbaraka Mwinshehe alifariki kwa ajali huko Kenya Januari 1979. Marijani Rajab, Jabali la Muziki, aliyetuimbia "Zuwena", alifariki Machi 1995, na miaka yake ya mwisho alikuwa anauza kaseti ili apate riziki. Jabali anauza kaseti! Na mimi mwaka huohuo nilikuwa nanunua za kurudufu kwenye kibanda, najiona mjanja.

Mpwa wangu anapenda singeli na amapiano. Juzi nilimkuta anapakua nyimbo kwenye mtandao wa bure ambao hata senti haimfikii msanii. Nikaanza kufoka. Akaniuliza, "Anko, kwani wewe ulikuwa unanunua?"

Nikakaa kimya. Halafu nikamsimulia haya niliyowasimulia nyie.

Sikwambii usikilize muziki wa zamani, kila kizazi na ngoma yake, na singeli ikikolea hata mimi bega linatikisika. Nakuomba kitu kidogo tu. Wimbo ukikukuna, usikilize mahali panapomlipa mwenyewe. Ukikuta bendi inapiga mtaani kwako, lipa kiingilio, acha kuruka ukuta. Na ukienda kutuza, usiishie kwenye paji la uso la mwimbaji. Mfuate na yule wa nyuma, anayepuliza hadi mashavu yanataka kupasuka.

Na kama kuna msomaji ambaye mzee wake alirekodi nyimbo za RTD, akaangalie kwenye masanduku kabla hajatupa. Mimi bado natafuta wimbo mmoja. Unaanza na tarumbeta, peke yake.