Mbwa Akichechemea, Mpumzishe Kwanza

Mbwa akiamka anachechemea, wengi wenye mbwa hukimbilia kabati la dawa, wakavunja kidonge cha maumivu na kukificha ndani ya tonge la ugali. Wanafanya hivyo kwa huruma, lakini huruma hiyo inaweza kuua. Ibuprofeni na diklofenaki humtia mbwa vidonda vya tumbo na kuharibu figo, na parasetamoli ikizidi hushambulia ini na damu. Mwili wake hauzisagi dawa hizi kama wetu, kwa hiyo kukata nusu au robo ni kubahatisha tu. Isitoshe, mguu ulioteguka kidogo hauponi kwa sababu maumivu yamezimwa. Unapona kwa kutulia. Mbwa asiyesikia maumivu hudhani amepona, akaruka ukuta, na kano iliyovutika tu ikachanika.

Kumpumzisha kuanze baada ya kumkagua. Mwache atembee taratibu: miguu ya mbele hubeba takribani asilimia 60 ya uzito wake, na mmoja ukiuma, utaona kichwa kikiinuka kila mguu huo unapogusa chini. Kisha mfunge mdomo kwa kitambaa laini, maana hata mbwa mpole huuma akiguswa panapouma (usimfunge akiwa anatapika au anahema kwa shida). Anzia unyayoni, utanue kidole kimoja kimoja. Mara nyingi mkosaji yuko hapo: mwiba, kipande cha chupa, funza, kupe, au ukucha uliopasuka. Kidonda kidogo kioshe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Spiriti iache, inaunguza nyama changa inayoanza kuziba. Pakivimba bila kidonda, kanda kwa barafu iliyofungwa kwenye taulo, dakika 10 hadi 15, mara tatu kwa siku, siku mbili za mwanzo. Ukifunga bendeji, ncha za vidole viwili vya katikati zibaki nje; zikivimba au kupoa, fungua hapohapo.

Wapo wanaosema ulimi wa mbwa ndio dawa yake. Ni kweli mate yake huua baadhi ya vijidudu, lakini ulimi ule ule hukwangua kidonda kila kinapotaka kufunga, kwa hiyo mzuie. Wengine huona daktari wa mifugo ni gharama ya bure kwa mguu tu. Kwa mguu unaokanyaga na kuonyesha nafuu ndani ya siku moja au mbili, ni sawa kusubiri. Asipokanyaga kabisa, mfupa ukipinda, kidonda kikiwa kirefu au kikitoa usaha, mpeleke. Akiwa ameumwa na mbwa mwingine, usingoje hata siku moja, kwa sababu ya kichaa cha mbwa.

Pingamizi zito zaidi ni la mwenye mbwa wa ulinzi: nikimfungia, nani atalinda? Hofu hiyo ina msingi. Lakini mbwa aliye bandani bado anasikia na anabweka, na kubweka ndiko kunakomwamsha mwenye nyumba. Anachokosa ni kukimbia tu, kwa wiki moja au mbili. Atolewe kwa kamba fupi akajisaidie, arudi alale penye tandiko kavu. Akiacha kuchechemea, mzuie siku chache zaidi, kisha mtembeze dakika tano, kesho yake kumi, kabla ya kumwachia ua wote usiku.