Mguu mpya humrudishia mtu mikono

Msomaji mpenzi, kabla hujaendelea kusoma, nakuomba ufanye jaribio dogo. Chukua mipini miwili ya fagio, uweke mmoja kila kwapa, ukunje mguu mmoja, kisha ujaribu kuleta kikombe cha maji kutoka jikoni hadi sebuleni. (Nimesema maji, si chai, nisije nikalaumiwa na akina mama wenye mazulia.) Watoto watakucheka, usiwajali. Utagundua mara moja jambo ambalo wengi wetu hatujawahi kulifikiria, kwamba mtu anayetembea kwa magongo hana mikono. Anayo, naam, lakini yote miwili imegeuka kuwa miguu.

Jambo hilo lilieleweka vyema Lokichoggio. Huko Loki, kama watu wanavyoufupisha mji huo ulio kaskazini magharibi kabisa mwa Kenya, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilifungua hospitali ya Lopiding mwaka wa 1987 ili kuwatibu majeruhi wa vita vya Sudan, vilivyokuwa vimeanza 1983. Walisafirishwa kwa ndege kutoka ng'ambo ya mpaka. Wengine walikuwa wamepigwa risasi, wengine wamekanyaga mabomu yaliyotegwa ardhini. Waturkana waliojeruhiwa katika uvamizi wa mifugo nao walitibiwa hapo. Mbali na vyumba vya upasuaji, Lopiding ilikuwa na karakana ya miguu na mikono ya bandia, na hapo ndipo somo letu la leo lilipo.

Hebu nikueleze mguu huo unavyotengenezwa, maana watu wengi hudhani unanunuliwa dukani kama kiatu. Kwanza kigutu, yaani sehemu iliyobaki baada ya mguu kukatwa, hufungwa bandeji kwa wiki kadhaa ili uvimbe upungue. Kikishatulia, fundi hukizungushia bandeji zenye plasta na kupata kalibu ya umbo lake. Kalibu hiyo hujazwa plasta tena, ikatokea sanamu ya kigutu, na fundi huichonga kwa subira, akipunguza mahali panapoweza kuhimili uzito na kuongeza mahali penye mfupa wa kuuma. Juu ya sanamu hufunikwa bamba la plastiki ngumu iitwayo polipropilini, lililolainishwa ndani ya tanuri. Likipoa, huwa ganda linalomfaa mtu mmoja tu duniani. Ganda hilo huunganishwa na muundi wa plastiki na wayo wa mpira. Msalaba Mwekundu waliichagua plastiki hiyo kwa sababu ni rahisi, haiozi kwa maji, na huweza kupashwa moto tena na kurekebishwa. Hata rangi yake ilitafutwa ikaribiane na ngozi ya mtu.

Lakini mguu ukikamilika, kazi ndiyo kwanza imeanza. Mwenye mguu huanza kujifunza kusimama, tena mtu mzima aliyekuwa akitembea kutwa nzima nyuma ya mbuzi bila kufikiria hata hatua moja! Husimama baina ya vyuma viwili vya kushikilia, akahamisha uzito kidogo kidogo kutoka mguu mzima kwenda mguu asiouhisi. Hapo ndipo pagumu. Wewe unapokanyaga, wayo wako hukuambia kama chini kuna mchanga au jiwe. Yeye hana habari hiyo. Inambidi aipate kwa njia ya kigutu, nyonga na macho, na mwili huchukua muda kuizoea lugha hiyo mpya. Baada ya vyuma huja gongo moja, kisha fimbo, kisha mchanga wa mto mkavu, kisha mawe. Hufundishwa hata kuanguka, na jinsi ya kuinuka. Kwenye ngazi kuna kanuni moja ambayo huwa wimbo wa darasa: kupanda, mguu mzima hutangulia, kushuka, hutangulia wa bandia. Aliyekatwa juu ya goti huteseka zaidi, kwani goti nalo ni la kujifunza, na kila hatua humla nguvu nyingi kuliko mwenzake aliyebaki na goti lake.

Isitoshe, kuna jua la Turkana. Joto la mchana aghalabu hupita nyuzi 35, na ndani ya plastiki kigutu hutoa jasho. Lazima kioshwe kila jioni, soksi zake zifuliwe, na ngozi ikaguliwe. Wekundu ukikataa kuondoka muda mfupi baada ya kuvua mguu, ganda linabana vibaya na fundi aonwe. Kigutu pia hupungua kadiri miezi inavyokwenda, mguu ukaanza kucheza, mtu akaongeza soksi ya pili na ya tatu. Mtoto ndiye mwenye safari ndefu zaidi, kwa maana hukua, na huhitaji mguu mwingine kila baada ya miezi sita hivi.

Sasa utauliza, mtu hupata wapi moyo wa kuvumilia yote hayo? Si siri kwamba wapo wanaokata tamaa, mguu ukaishia chini ya kitanda na magongo yakarudi kwapani. Kwa maoni yangu, anayeshinda si lazima awe shujaa kuliko wenzake. Ni yule aliyeonja mapema kitu kidogo kilichokuwa kimempotea. Mturkana wa kiume hutembea na fimbo yake na ekicholong, kile kigoda kidogo cha mbao anachokalia mchana na kulalia kichwa usiku. Kwa magongo mawili, atakishika na nini? Mama naye atambebaje mtoto anayelia? Siku mtu anapovuka ua akiwa na kitu mkononi, hata kama ni sufuria tupu, mguu ule huacha kuwa kifaa cha hospitali. Umekuwa wake. Kuvunjika kwa koleo, walisema wazee, si mwisho wa uhunzi.

Mji wa Loki wenyewe ulilazimika kujifunza upya. Tangu mpango wa Umoja wa Mataifa wa kupeleka misaada Sudan ulipoanza mwaka wa 1989, uwanja wake wa ndege ulivuma kwa ndege za mizigo, na wenyeji wengi walipata kazi. Mkataba wa amani ulipotiwa sahihi Nairobi, Januari 9, 2005, mashirika yalianza kuhamia Juba. Mwaka wa 2006 hospitali ya Lopiding ikakabidhiwa serikali ya Kenya. Amani ile iliyoombwa kwa miaka mingi ndiyo iliyoondoa mishahara mjini. Waliobaki walirudia mifugo, biashara ndogo ndogo, na njia ya kwenda Kakuma na Lodwar.

Pengine unasema haya ni mambo ya vita vya mbali. La hasha! Nairobi, Mombasa na Kisumu miguu hukatwa kila mara, si kwa mabomu bali kwa ajali za barabarani na ugonjwa wa kisukari. Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ina karakana, na shirika la APDK, lililoanzishwa mwaka wa 1958, hutengeneza vifaa vya aina hiyo. Kwa hivyo huenda mwanafunzi huyo aliye darasani na mguu mpya ni jamaa yako.

Ikiwa ni wako, nina ombi moja kwa jamaa wote nyumbani. Msimnyang'anye vitu mkononi. Najua mnafanya kwa mapenzi. Anainuka na sahani, na mara moja shangazi anaruka, "Kaa, kaa, nitakuletea!" Wiki nzima amejitahidi ili aweze kubeba sahani hiyo mita nne, nanyi mmempokonya. Mwache amwage mchuzi. Sakafu hupigwa deki.

Jambo la mwisho ni viatu. Mwenye mguu mmoja hununua jozi akaacha nusu ikiota vumbi, kwa hivyo siku ya kuvaa vyote viwili si siku ndogo. Lakini mguu wa bandia husawazishwa kwa kimo fulani cha kisigino. Ukimvika kiatu kilicho juu au chini zaidi, mtu ataegemea mbele au nyuma na goti litamsumbua. Basi mnapokwenda Gikomba, bebeni kiatu alichosawazishiwa mguu, mlinganishe visigino kwa rula, kisha mwachieni mwenyewe achague rangi.