Dawa ya malaria na kijiko cha mawese

Kule Misisi, katika teritware ya Fizi, mchimbaji akishikwa na homa anapita kwanza ku farmasi. Anapewa vidonge, anameza na maji ya mu bido, halafu anashuka ku shimo. Tumbo ni tupu tangu jana. Siku tatu zinapita, homa inapungua. Nyuma ya wiki chache inarudi, na tunasikia: « Ile dawa ni ya uongo. »

Ni kweli, dawa za bandia zipo. Lakini sisi wa sendika, tukiuliza wandugu walimeza namna gani, wengi wanajibu: bila kula.

Dawa ambayo wengi wanaiita Coartem ina dawa mbili ndani ya kidonge kimoja. Artemeteri inapiga vijidudu haraka, kisha inaisha mu damu upesi. Lumefantrini inabaki siku nyingi, inamaliza wale waliobakia. Shida ni kwamba lumefantrini haiyeyuki vizuri mu maji. Inataka mafuta ndiyo itoke mu tumbo na kuingia mu damu. Watafiti walipima damu ya watu wazima wenye afya: kwa wale waliokula chakula chenye mafuta, lumefantrini iliingia mara 16 zaidi kuliko kwa waliomeza tumbo tupu, na artemeteri mara 2. Vidonge vilevile, bei ileile.

Sisi wachimbaji tunaelewa jambo hilo. Mchanga ukipita juu ya ubao usio na kitambaa, dhahabu inaenda na maji.

Na mafuta si lazima yawe mingi. Kijiko cha mawese juu ya sombe, karanga kidogo, ndagala za kukaanga, ao uji wenye maziwa: vinasaidia. Baraka haikosi mawese. Mtu mzima anameza vidonge 4 mara 6 ndani ya siku tatu, maana yake 24: mara ya kwanza, nyuma ya saa 8 mara ya pili, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili. Kama mgonjwa anakataa chakula, asiache dawa. Apewe hata uji kidogo, akipata nguvu ale. Akitapika mbele ya saa moja kuisha, arudi kuona muganga, juu kipimo hicho kinapaswa kurudiwa.

Lakini wandugu, msichukue sheria hii kwa kila dawa. Kuna dawa ingine ya malaria, artesunate na amodiakini, ambayo inatolewa pia katika inchi yetu. Ile haitaki chakula cha mafuta mingi, juu inaweza kuingia mu damu kupita kiasi. Dawa za kifua kikuu, ugonjwa unaotufuata sisi watu wa vumbi, zinaingia vizuri tumbo likiwa tupu: saa moja mbele ya kula ao saa mbili nyuma. Zikikuchoma tumbo, muulize muganga, usiziache. Dawa ya bilharzi, kwa wale wanaosimama mu maji kutwa, inamezwa pamoja na chakula. Na doxycycline ao ciprofloxacin usizimeze na maziwa, juu maziwa yanazishika na kuzizuia kuingia.

Kwa hiyo ku sentre ya afya, kabla ya kutoka, uliza: « Hii ni dawa gani? Niile mbele ao nyuma? Na mafuta ao bila? »

Ma-PDG nao tunawaomba jambo moja: mchimbaji aliye mu dawa ya malaria asishushwe mu shimo siku zile tatu, na apewe sahani ya chakula. Sahani ile ni bei rahisi kuliko kununua dawa mara ya pili, na kuliko kupoteza mtu. Nanyi mama zetu, mkiona baba anafungua karatasi ya vidonge, wekeni kwanza sufuria ku moto.